Usiku Uliokosa Mwisho

Mtihani ulianza saa mbili asubuhi. Mimi nilifungua macho saa nne kasoro dakika kumi. Simu ilikuwa chini ya mto, imezima. Kengele ya kuniamsha ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Nilikuwa nimeitumia mpaka saa kumi alfajiri, chaji ikaisha, nami nikaisha pamoja nayo.

Chumba chetu kilijengwa kwa ajili ya watu wawili. Tulikuwa wanne: wawili wenye chumba, na wawili waliokuwa wanapairate, yaani walikosa nafasi hosteli wakaja kulala kwa marafiki. Asubuhi hiyo wote wanne tulikuwa fofofo huku jua limejaa dirishani. Nilikimbia na ndala. Msimamizi wa mtihani aliniangalia, akaangalia saa ya ukutani, akasema kwa upole, "Kijana, huwezi kuingia sasa." Hivyo ndivyo nilivyopata sapu, na sapu ile ikaniacha mwaka mzima nyuma ya wenzangu.

Nilipompigia dani, nyanya yangu kule Siaya, kumweleza, nilitarajia anikemee. Hakunikemea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nyakwara, kwani huko chuoni hakuna usiku?"

Nilicheka. Lakini mimi nasoma historia, na swali lile lilikataa kuniacha. Ukilitazama vizuri, ni swali la historia kabisa. Usiku wa dani ulikuwa na mahali pa kuishia. Wangu haukuwa nao. Kati ya usiku wake na wangu kuna miaka kama 60, na ndani ya miaka hiyo kuna kitu kiliondolewa. Nilitaka kujua ni kitu gani, na ni nani aliyekiondoa.

Kabla ya swichi

Tuanze na uongo tunaopenda kujidanganya nao: kwamba zamani watu walilala na kuku, wakaamka na jogoo, saa nane kamili, bila shida. Si kweli.

Mwaka 2015, Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha utafiti kuhusu usingizi wa jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Waliwavalisha vifaa vya kupima mwendo mkononi. Walikuta watu hao wakilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Na hawakulala mara tu giza lilipoingia. Kwa wastani walikaa macho kwa zaidi ya saa tatu baada ya jua kutua, wakila, wakipiga soga, wakipanga mambo ya kesho. Kwa saa yetu ya Kiswahili, hiyo ni karibu saa nne usiku. Hata komredi mwenye nidhamu hulala saa nne.

Miaka miwili baadaye, David Samson na wenzake walitoa matokeo mengine kutoka kwa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi. Waliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Si 18 kwa usiku. Ni 18 kwa jumla. Daima kulikuwa na mtu aliyegeuka, aliyeamka kuchochea moto, mzee asiyepata usingizi, kijana ambaye bado hajausikia. Samson aliona hapo faida ya kale: kundi lenye watu wa rika mbalimbali lina mlinzi wa usiku bila mtu kupangiwa zamu.

Ulaya nako mambo hayakuwa tunavyodhani. Mwanahistoria Roger Ekirch, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu usiku wa zamani, alikusanya ushahidi wa watu waliolala kwa vipande viwili: usingizi wa kwanza, kisha saa moja au zaidi ya kukaa macho, kuomba, kuongea, kumtazama ng'ombe, halafu usingizi wa pili.

Kwa hivyo kuwa macho usiku si ugonjwa mpya. Dani mwenyewe alilelewa kwenye siwindhe, ile nyumba ya bibi mzee ambamo watoto wa boma walilala na kufunzwa. Hadithi zilikuwa za usiku tu. Alikuwa akituonya kwamba mtoto anayesimuliwa hadithi mchana atabaki mfupi. Vitendawili, visa vya sungura na zimwi, umbea kidogo wa kijiji, yote yalimiminwa gizani. Ukitaka, iite taimulaini ya wakati huo.

Lakini sikia alivyoniambia nilipomuuliza hadithi ziliisha vipi. "Tulikuwa tunaitikia. Mwenye kusimulia akisikia sauti zinapungua, anajua. Ikibaki moja, anamalizia haraka. Isipobaki hata moja, naye analala."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Msimulizi alikuwa mtu, naye alikuwa na macho mazito kama wewe. Hadithi ilichoka pamoja na wasikilizaji wake.

Mafuta yakiisha

Umeme wa biashara ulifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alianzisha kampuni ya umeme Mombasa, na mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel akapata haki ya kuusambaza Nairobi. Mwaka 1922 shughuli za miji hiyo miwili ziliunganishwa chini ya East African Power and Lighting Company, kampuni ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Lakini taa hizo ziliwaka mitaa ya watu fulani. Wengine waliendelea na koroboi: kopo, utambi na mafuta ya taa. Mzazi yeyote aliyesoma kijijini atakueleza habari ya masizi puani asubuhi, na jinsi mama alivyopunguza utambi akisema, "Hayo mafuta ni ya wiki nzima."

Hiyo koroboi ilikuwa saa. Mafuta yalipopungua, usiku ulifungwa. Shule za bweni nazo zikawa na kengele yao: baada ya prepu, taa zizimwe. Waliotaka kuendelea kusoma walijificha na tochi chini ya blanketi, na tochi nayo ilikuwa na betri za kununuliwa. Kila namna ya kukesha ilikuwa na gharama uliyoiona kwa macho ikipungua.

Kisha kuna serikali, ambayo imekuwa ikiufunga usiku wetu mara kwa mara. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, kafyu ilikuwa sehemu ya maisha ya maelfu ya watu. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, kafyu ilirudi na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Na sisi tuliokuwa watoto wa shule mwaka 2020 tunaikumbuka ile ya Korona, iliyoanza 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Sitaki mtu adhani naisifu kafyu. Nasema tu kwamba usiku haujawahi kuwa kitu cha asili peke yake. Daima kuna anayeamua utaanza lini na utaisha lini.

Hata runinga ilikuwa na heshima yake. Matangazo ya runinga yalianza nchini mwaka 1962, na kwa miaka mingi, chini ya Sauti ya Kenya na baadaye KBC, stesheni ilifungwa usiku. Wimbo wa taifa ulipigwa, bendera ikapepea, halafu skrini ikajaa chenga nyeusi na nyeupe. Baba yangu anasema walikuwa wanaketi mpaka chenga zije, si kwa sababu kipindi kilikuwa kizuri, ila kwa sababu runinga ilikuwa ya jirani na haikufaa kuondoka mapema. Chenga zikija, mwenye nyumba anasimama, anasema "Haya basi," na watu wote wanajua maana yake.

Moto ulizimika, bibi akasinzia, mafuta yakaisha, wimbo wa taifa ukapigwa. Kwa vizazi vyote hivyo, mtu hakuhitaji kuwa na msimamo wa chuma ili alale. Usiku ulimfungia mlango wenyewe.

Kuanzia sekunde hadi bando

Mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkononi zilianza kugombania Wakenya: Kencell na Safaricom. Safaricom ilikuja na malipo kwa sekunde, na sekunde ile ilitufunza tabia. Unapiga, unasema neno, unakata. Usipokuwa na kitu, unaflash. Simu ya wakati huo ilikuwa kama koroboi: uliona mafuta yakiisha. Hakuna aliyekesha na simu kwa sababu hakuna aliyeweza kulipia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu. Kabla yake, intaneti ilitufikia kupitia setilaiti, ghali na polepole kama kinyonga. Agosti 2010 Zain ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na vita vya bei vikawaka. Mwaka 2011 ikaja Huawei IDEOS, simu ndogo ya Android iliyouzwa kwa shilingi kama 8,000, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa kawaida aliweza kuwaza kumiliki simu ya kupangusa. Desemba 2014 mtandao wa 4G ukawashwa. Julai 2020, Safaricom na Google walianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Ishirini! Bei ya chapati mtaani.

Sasa angalia bando zenyewe. Ziligeuza saa kuwa bidhaa. Kulikuwa na bando za usiku, nafuu kuliko za mchana, zinazoanza wakati watu wanaenda kulala. Kulikuwa na bando zinazokufa saa sita usiku, kwa hivyo saa tano na nusu unajikuta unapakua filamu usiyoitaka ili MB zisiharibike. Ni Oktoba 2019 tu ndipo Safaricom ilipoleta bando zisizo na tarehe ya kufa. Kwa mwanafunzi mwenye shilingi 50 mfukoni, kukesha hakukuwa utundu. Kulikuwa hesabu. Usiku ulikuwa bei rahisi, na maskini huenda kwenye bei rahisi.

Wakati huo huo, mbali na sisi, watu wengine walikuwa wakiondoa kizuizi cha mwisho. Mwaka 2006 mbunifu wa Kimarekani Aza Raskin alitengeneza ukurasa usiokuwa na mwisho: ukifika chini, mengine yanajipakia. Zamani ulipaswa kubonyeza kwenda ukurasa wa pili, na kile kitendo kidogo cha kubonyeza kilikupa nafasi ya kujiuliza, "Kwani natafuta nini huku?" Raskin aliondoa nafasi hiyo. Baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Kisha zikaja video zinazoanza zenyewe moja ikiisha, na programu zinazojifunza unachopenda kabla wewe mwenyewe hujajua.

Basi hilo ndilo jibu la kwanza kwa dani. Kitu kilichoondolewa ni ule mlango. Siku hizi msimulizi hasinzii, na hata sauti zote zikinyamaza chumbani, yeye anaendelea.

Je, ni mwanga?

Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini simu inakunyima usingizi, atakwambia ni ule mwanga wa buluu. Watu wananunua miwani. Wanawasha hali ya usiku, skrini inageuka rangi ya chai, wanaendelea kuskroli hadi saa tisa.

Hoja ya mwanga ina msingi. Mwaka 1958 Aaron Lerner, daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale, alitenga melatonini kutoka kwenye tezi za ubongo wa ng'ombe. Alikuwa akitafuta dawa ya ngozi. Akapata homoni ambayo sasa tunajua mwili huitoa gizani kuashiria kwamba usiku umeingia. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walionyesha kwamba ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kutengeneza picha bali kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na seli hizo huitikia hasa mwanga wa upande wa buluu. Na taa nyeupe za skrini zetu zimetokana na LED ya buluu, uvumbuzi uliowapa wazaliwa wa Japani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Lakini tazama matokeo yenyewe. Utafiti unaotajwa sana, wa Anne-Marie Chang na wenzake wa mwaka 2015, uliwaweka watu 12 kwenye maabara. Usiku tano walisoma kwa kifaa chenye mwanga kwa saa nne kabla ya kulala, na usiku tano walisoma kitabu cha karatasi. Kifaa kilipunguza melatonini, ndiyo. Kilichelewesha usingizi kwa muda gani? Kama dakika 10.

Dakika 10! Mimi sikukosa mtihani kwa dakika 10.

Kwa hivyo mwanga ni mshukiwa, lakini si mkosaji mkuu. Kinachotuweka macho ni kile kilichomo ndani ya simu, na yale tuliyoyakosa mchana. Mwaka 2014 Floor Kroese na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliandika kuhusu tabia ya kuahirisha kulala: mtu hana kinachomzuia, anajua kesho atateseka, na bado halali. Niliposoma nikajiona. Si kwamba sikuwa na usingizi. Nilikuwa nao, nikawa nausukuma pembeni kama mgeni aliyekuja mapema.

Wenye usiku wao

Kabla hatujawaita vijana wote waraibu, tuwaangalie ni nani hasa wako macho.

Mmoja wa wenzangu watatu, tumwite Komredi, alikuwa akifanya kazi. Saa nane usiku Nairobi ni saa kumi na mbili au saa moja jioni New York, kutegemea msimu. Wakati huo mwanafunzi wa Marekani anakumbuka kwamba insha yake inatakiwa kesho. Kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa nje insha zao imelisha nyumba nyingi kuanzia Roysambu hadi Kahawa, na ilionyeshwa ulimwengu katika filamu ya 2024, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford. Unaweza kuilaumu kazi yenyewe. Mimi pia nina maswali nayo. Lakini Komredi alikuwa anamlipia dada yake karo ya sekondari. Alilala kwa saa za nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Ukimwambia aweke simu chini saa nne usiku, unamwambia afunge duka.

Mwingine aliongea na mpenzi wake. Mchana chumba kina watu wanne, sabufa ya jirani, na foleni ya bafu. Saa saba usiku ndiyo saa pekee aliyoweza kunong'ona bila mtu kuchangia mazungumzo. Hosteli zetu zilijaa kwa sababu ambazo si zetu: tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata mkondo huo, idadi ya wanafunzi ilipanda kuliko vitanda. Faragha ikahamia usiku, na ndani ya usiku ikahamia kwenye skrini ya inchi sita.

Halafu kuna Juni 2024. Kama ulikuwa macho, unajua. Mswada wa Fedha ulisomwa kifungu kwa kifungu kwenye X, mawakili wakaueleza kwa Kiswahili na Sheng, watu wakatafsiri kwa lugha za nyumbani. Maelfu walikaa kwenye Spaces usiku kucha. Mchana wa 25 Juni vijana waliingia Bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi mswada huo, na 5 Julai yeye mwenyewe akaja kwenye Space kujibu maswali. Sitamsikiliza mtu anayeniambia usiku ule tulikuwa tunapoteza muda. Ulikuwa siwindhe ya kizazi kizima, watu wakiitikia gizani.

Kwa hivyo jibu langu la pili kwa dani lina aibu kidogo: usiku uko, dani, lakini tumeujaza kila kitu tulichonyimwa mchana. Kazi, faragha, siasa, kicheko.

Njiwa wa Skinner

Basi mimi nilikuwa nafanya nini saa tisa ile? Niseme ukweli. Sikuwa naandika insha. Sikuwa na mpenzi. Hakukuwa na mswada. Nilikuwa natazama mtu akiosha mazulia kwa mashine. Video 40 za mazulia, labda zaidi.

Neno uraibu tunalitumia ovyo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi. Uraibu wa simu haumo. Nadhani ni vizuri tuwe waangalifu, kwa sababu ukimwita kila kijana mraibu, unamweka kosa lote yeye, na unamsahau aliyetengeneza mtego.

Na mtego una historia. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster waliwaweka njiwa kwenye visanduku vyenye kitufe. Njiwa akidonoa, anapata punje. Waligundua kwamba ukimpa njiwa punje bila mpangilio, mara apate, mara akose, hudonoa kwa bidii na hukawia sana kukata tamaa. Anayejua kubeti analijua hilo bila kusoma Skinner. Anayevuta skrini kuona kama kuna jipya analijua pia. Video ya kwanza haina maana, ya pili haina, ya tatu inakuvunja mbavu. Ya nne unaitafuta mpaka alfajiri.

Tofauti ni kwamba njiwa wa Skinner aliwekwa kwenye kisanduku. Mimi nilikinunua changu kwa awamu.

Gharama yake ninaijua kwa mwili wangu. Wataalamu wanapendekeza saa saba hadi tisa kwa mtu wa umri wetu, na ni usingizini ubongo unapopanga ulichosoma mchana. Muhula ule nilikuwa napata saa nne, tano nikibahatika. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu na bado sikuweza kusema ulikuwa unahusu nini. Nilimjibu mama vibaya kwa simu. Niliacha kwenda kucheza mpira. Sapu ilikuwa tu ile sehemu iliyoandikwa kwenye karatasi.

Haya basi

Niliporudi chuoni muhula uliofuata, nilinunua saa ya kengele kwa mchuuzi wa barabarani, ile yenye masikio mawili ya chuma. Ilinigharimu shilingi 400, na mlio wake unaweza kuamsha wafu. Wenzangu walinicheka sana. "Hii ni ya babu yako, ama?"

Kisha usiku mmoja niliwasimulia habari ya KBC na wimbo wa taifa. Komredi, ambaye hapendi utani, alikuwa amemaliza kazi mapema. Ilikuwa saa sita kasoro. Akasimama juu ya kitanda, akaweka mkono kifuani, akaanza kuuimba mdomo ukiwa umefungwa, mmm-mmm, kwa uzito kama yuko Kasarani. Tukasimama wote, tukicheka. Ulipoisha akasema, "Haya basi," akazima taa. Simu nne ziliwekwa kwenye chaji karibu na mlango, mbali na vitanda.

Imekuwa desturi yetu. Si kila siku. Komredi akiwa na kazi, anatoka na laputopu hadi chumba cha kusomea, na hakuna anayemlaumu. Usiku wa mechi za Ulaya hatuimbi. Kuna siku wimbo unaimbwa na dakika kumi baadaye unasikia mtu ananyata kuelekea mlangoni, unaona uso wake umewaka kwenye kona. Mara nyingine mtu huyo ni mimi.

Lakini nimegundua kwamba ni vigumu kuwa mlango wako mwenyewe. Babu zetu hawakulazimika. Walikuwa na watu, na watu walichoka kwa pamoja. Kwenye chumba cha wanne, angalau kuna mtu wa kusema inatosha.

Wiki iliyopita dani alinipigia saa kumi na moja asubuhi, kama kawaida yake, akidhani ulimwengu wote umeamka. Simu ilikuwa mlangoni. Ilibidi niamke, niruke watu wawili walio sakafuni, niishike.

"Ulikuwa umelala?" akauliza.

"Nilikuwa nimelala, dani."

"Vizuri," akasema. "Rudi ulale. Sikuwa na neno."